Ndege Isiyotaka Kwenda Iringa

Mzee mwenye ndege alinipigia asubuhi nikiwa bado nakunywa chai. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia ndege yake haitaki kwenda Iringa.

"Na kurudi je, Mzee?"

"Kurudi haina neno, inaimba kama cherehani. Shida ni kwenda. Ikishapita Ifunda, kijana akianza kuishusha, inakohoa. Anahangaika nayo, inakaa sawa. Akianza tena kushusha, inakohoa tena."

"Imefanya hivyo mara ngapi?"

"Ya jana ni ya pili. Labda imelogwa, fundi."

Akacheka, lakini hakikuwa kicheko cha mtu mwenye furaha. Rubani ni mpwa wake, na jana yake alikuwa ameirudisha ndege shambani Mufindi baada ya kukohoa mara mbili angani, kwa sababu kurudi "haina neno". Hilo nililisema palepale kwenye simu, na halikupokelewa vizuri. Nikaomba ndege isiruke hadi nifike. Kwa siku kumi zilizofuata, hilo ndilo jambo pekee nililolifanya sawa.

Yenyewe ni Cessna 172 ya mwaka 1964, umri mmoja na Muungano. Injini yake ni Continental O-300, silinda sita, nguvu farasi 145. Ina matangi mawili ya alumini, moja katika kila bawa, na yote mawili kwa pamoja yanabeba galoni 42 za Kimarekani, yaani lita 159. Haina pampu ya mafuta. Mabawa yako juu ya vichwa vya abiria, injini iko chini mbele, na mafuta yanashuka kwa uzito wake kama maji ya simtanki iliyowekwa juu ya paa. Yakitoka tangini yanapita kwenye chujio dogo la wavu, yanafuata bomba hadi kwenye selekta iliyo sakafuni, ambayo rubani huizungusha kuchagua tangi la kushoto, la kulia, au yote mawili. Kutoka hapo yanakwenda kwenye kikombe kinachonasa maji na uchafu mbele ya ukuta wa injini, kisha kwenye kabureta iliyoning'inia chini ya injini. Hakuna kingine. Gari dogo la siku hizi lina mfumo wa mafuta mgumu kuliko huo mara kumi.

Usiku ule nilichora njia hiyo kwenye daftari, tangi hadi kabureta, nikaandika pembeni kila mahali panapoweza kuziba. Niliuona mchoro umekamilika. Nimeuhifadhi hadi leo, na kila nikiutazama naona kilichokosekana.

Kabla sijaendelea, kuna jambo la Januari ambalo bila hilo kisa hakieleweki. Mvua za huku kwetu hazina masika na vuli kama pwani. Zinaanza Novemba na kumwagika hadi Aprili, na Mufindi ni miongoni mwa sehemu zinazonyeshewa hasa. Januari ile rubani alikuwa akitoa maji kwenye tangi la kulia kila asubuhi, siku nyingine karibu nusu glasi. Chanzo kilikuwa wazi. Mpira wa mfuniko wa tangi hilo ulikuwa umepasuka kama kisigino cha mkulima, na maji yaliyotuama juu ya bawa yalikuwa yakijipenyeza. Nikaagiza mfuniko mpya kwenye duka moja la vipuri. Ukaja, nikaufunga, maji yakakoma. Mzee alifurahi, na mimi nikalipwa. Kisha uwanja wake wa nyasi ukalowa kupita kiasi, na ndege ikakaa bila kuruka tangu Februari hadi katikati ya Aprili. Ilipoanza kuruka tena aliniambia kwa simu, "Huu mfuniko wako mpya unagoma kufunguka." Nikamjibu, "Mpira mpya huo Mzee, utalainika." Kisha uwanja wake wa nyasi ukalowa kupita kiasi, na ndege ikakaa bila kuruka tangu Februari hadi katikati ya Aprili.

Nilifika shambani mchana, kwa basi hadi Mafinga kisha kwa pikapu ya shamba. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya chai kama shuka. Kamwene, kamwene, tukasalimiana, na nikamwomba rubani anisimulie upya, safari hii taratibu.

Kutoka shambani, ambako uwanja uko karibu futi 6,200 juu ya usawa wa bahari, anapanda hadi futi 9,500. Anapita juu ya msitu wa Sao Hill, na anapofika usawa wa Ifunda anaanza kushuka kwenda Nduli, uwanja wa Iringa, ambao uko karibu futi 4,700. Wakati wa kupanda injini haina kasoro, na ikitulia angani ni hivyohivyo. Baada ya dakika tatu au nne za kushuka inaanza kumisi, mizunguko ya injini kwa dakika inaanguka kutoka 2,300 hadi 1,800, inarudi, inaanguka tena.

"Ukafanya nini?"

"Nikavuta hewa ya moto ya kabureta. Nikaongeza mafuta. Nikabadilisha tangi. Na nikainua pua kidogo nisipoteze kimo."

"Kipi kilisaidia?"

Akafikiri. "Hewa ya moto, nadhani."

Alikuwa amefanya mambo manne ndani ya sekunde kumi, na ndivyo rubani yeyote mwenye akili angefanya. Ila kwa fundi, dawa nne zikinywewa pamoja hazisemi ipi iliyoponya. Nikaandika "barafu?" na kuipigia mstari.

Barafu kwenye kabureta si jambo la Ulaya pekee. Hewa ikipita kwenye koo jembamba la kabureta inapoa, na petroli inapogeuka mvuke inaipoza zaidi. Kwa pamoja joto linaweza kushuka nyuzi 20 au zaidi. Siku ya ukungu, hata nje kukiwa na nyuzi 18, ndani ya kabureta maji yanaganda na kuziba koo. Injini hizi ndogo za Continental zinajulikana kwa kupenda barafu, na hali hiyo huwakuta marubani hasa wakati wa kushuka, injini ikiwa imepunguzwa nguvu. Kwa hiyo dalili zilikaa mahali pake vizuri mno. Nilichopaswa kuuliza zaidi ni jinsi injini ilivyopona. Barafu ikiyeyushwa kwa hewa ya moto, kwanza injini inazidi kuchafuka kwa sababu inameza maji, kisha mizunguko inapanda na kukaa juu. Rubani hakuona mizunguko ikipanda hivyo. Nilimuuliza siku nyingine kabisa, nikiwa nimeshachelewa.

Sikutaka kutegemea nadharia moja, kwa hiyo nilianza na mafuta yenyewe. Petroli ya ndege, avigesi ya 100LL, haipatikani kila kona. Shamba linaileta kutoka Dar kwa mapipa. Pipa likikaa miezi miwili kwenye baridi ya Mufindi linatoa jasho ndani kama chupa ya soda. Tukachukua sampuli kwenye matangi yote mawili, kwenye kikombe cha mbele, na kwenye plagi iliyo chini ya tumbo la ndege, pale kwenye selekta, ambapo ndipo bondeni kwa mfumo mzima na ndipo watu wengi husahau. Yote yalikuwa ya bluu, safi, bila tone la maji. Nikadondosha matone machache kwenye karatasi nyeupe: yakakauka bila kuacha doa. Mafuta yaliyochanganyika na mafuta ya taa huacha mduara wa ung'avu wa grisi kama karatasi ya maandazi. Hapakuwa na mduara.

Mzee alikuwa na dhana yake ya mapipa: kwenda Iringa wanatumia mafuta ya shamba, ndiyo maana kwenda kuna shida. Ilibidi nimkumbushe kwa heshima kwamba Nduli hawaongezi mafuta, kwa hiyo hata kurudi ni mafuta yaleyale. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi ni Iringa yenyewe."

Tukafungua kikombe, wavu ulikuwa safi. Tukatoa mafuta na kuchomoa machujio ya midomo ya matangi. Moja lilikuwa na nyuzi chache za pamba, za kitambaa cha mtu fulani aliyefuta tangi miaka iliyopita, si za kuzuia chochote. Tukafungua kabureta. Boya lilikuwa zima, halijanywa mafuta, na sindano yake ilikaa vizuri. Nikabadilisha sindano na kiti chake hata hivyo, kwa kuwa nilikuwa nao. Huo ni ugonjwa wa mafundi: kipuri kikiwa mfukoni kinatafuta pa kuingia.

Mwisho tukapima mtiririko. Kipimo hiki ndicho ninachokiamini kuliko vyote kwenye ndege isiyo na pampu, na ndicho kilichonidanganya. Kanuni yake ni nyepesi. Injini hii ikiwa na nguvu zote inakula kama lita 50 kwa saa. Mfumo wa mafuta unaoshuka kwa uzito wake unatakiwa kupitisha moja na nusu ya hiyo, pua ikiwa imeinuliwa kama ndege inapanda, kwa sababu hapo ndipo tangi na kabureta vinakaribiana kimo. Ni lita 75 kwa saa, au lita moja kila sekunde 48. Tulirudisha lita 60 tangini, tukashusha mkia kwa kamba na magunia mawili ya mbolea, tukachomoa bomba kwenye kabureta, nikaweka dumu lenye alama za lita na kushika saa. Lita ya kwanza, sekunde 38. Ya pili, 38. Ya tatu, 39. Nikasimamisha hapo, kwa sababu nani anapoteza avigesi? Imefaulu.

Rubani akairusha mizunguko mitatu juu ya shamba. Ikaenda kama mpya. Nikaandika kwenye kitabu cha matengenezo, nikamwelekeza atumie hewa ya moto mapema kabla ya kushuka, nikaondoka. Barafu. Nilikuwa na hakika.

Siku nne baadaye akaruka peke yake kwenda Iringa. Hewa ya moto aliivuta mapema, kama nilivyosema. Ilikuwa siku kavu, jua kali, hakuna wingu hata la kufutia jasho. Ikakohoa palepale, baada ya Ifunda, na safari hii mara moja ilizimika kwa sekunde mbili au tatu. Aliacha kushuka, ikarudi. Akaendelea kwa ngazi, anashuka kidogo, anatulia, anashuka, hadi akatua Nduli salama. Alinipigia akiwa bado amekaa ndani ya ndege.

"Usiguse chochote," nikamwambia. "Zima, funga selekta, nisubiri."

Sikusema hivyo kwa ujanja wowote. Nilitaka tu sampuli ya kikombe kabla mafuta hayajatikiswa, kwa kuwa sasa nilikuwa nimerudi kwenye maji. Njiani kutoka mjini nilikuwa pia nikifikiria mvuke. Ndege nyingi za aina hii zina kibandiko ndani kinachomwambia rubani akifika kimo cha kusafiria juu ya futi 5,000 atumie tangi moja badala ya yote mawili, kwa sababu mafuta yanaweza kufanya mapovu ya mvuke kwenye mabomba na kukata mtiririko. Huku kwetu unakuwa juu ya futi 5,000 kabla hujawasha injini, kwa hiyo kibandiko hicho si cha kupuuza. Lakini rubani alikuwa kwenye tangi moja mara zote tatu. Nikalifuta hilo kichwani nikiwa bado kwenye bodaboda.

Nikafika, nikatoa sampuli. Safi. Nikachukua ngazi, nikapanda kwenye bawa la kulia nipime mafuta kwa kijiti. Mfuniko ukagoma. Nikaukaza mkono, ukazunguka robo, na kabla haujatoka kabisa nikasikia:

Fyuuuuu.

Ulikuwa mluzi mrefu wa hewa inayoingia, wala si ya kutoka. Kiganja changu kilivutwa kidogo kuelekea tundu. Kisha ndani ya bawa kitu kikalia *kodoo*, kama debe la mafuta ya kula lililobonyezwa linaporudi mahali pake. Bati la tangi lilikuwa limenywea, na sasa likajaa.

Nilikaa juu ya ngazi ile nadhani dakika nzima. Rubani akauliza, "Vipi fundi?" Nikamuuliza mimi: "Huwa ukitua, unafanya nini kwanza?"

"Napima mafuta."

"Unafungua mifuniko."

"Ndiyo. Kila mara. Ndivyo mjomba alivyonifundisha."

Kila mara ndege ilipotua na ugonjwa wake, mtu alifungua mfuniko na kuuponya kabla fundi hajafika. Na mimi shambani nilifanya vilevile: nilifungua mifuniko kutoa mafuta, nikaifungua kurudisha lita 60, na dakika tano baadaye nikapima lita tatu na kujipongeza. Tangi lilikuwa limetoka kupumua. Nilimpima mgonjwa akiwa ametoka kunywa dawa.

Tangi linahitaji kupumua, na njia hiyo ya pumzi ndiyo iliyokosekana kwenye mchoro wangu wa usiku ule. Simtanki ukiifunga mfuniko ikabana kabisa, bomba la jikoni litatoa maji kiasi, kisha litaanza kwikwi. Kila lita inayotoka lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Isipoingia, ndani ya tangi kunakuwa na mvuto unaoyarudisha mafuta juu. Kwenye 172 hii kuna bomba la hewa, jembamba kama kalamu, linalotokeza chini ya bawa la kushoto nyuma tu ya nguzo ya bawa. Linaingia tangi la kushoto. Bomba jingine linaunganisha hewa ya matangi mawili kwa juu, ndiyo maana kubadilisha tangi hakukumsaidia rubani: matangi mawili, pua moja. Na kwa akiba, mfuniko wa kulia una kivalvu kidogo cha mpira kwa chini, kinachoruhusu hewa kuingia tu. Bomba likiziba, mfuniko unapumua.

Nikaugeuza mfuniko wa Januari, ule niliouagiza mimi. Chini yake ulikuwa bapa, umenyooka, hauna kivalvu. Iko mifuniko ya namna mbili, inayoingia tundu moja na kufanana kama mapacha ukiitazama kwa juu, na mimi nilikuwa nimeagiza "mfuniko wa Cessna 172" bila kusema upi. Ule wa zamani, uliopasuka mpira, ulikuwa ukiingiza maji na pia ukiingiza hewa. Nilipoziba maji niliziba na pumzi. Mzee aliponiambia mfuniko unagoma, alikuwa ananieleza kwa Kiswahili fasaha kwamba kuna mvuto tangini, nami nikamjibu habari za mpira mpya.

Lakini mfuniko peke yake usingetosha. Bomba la hewa la kushoto lingefanya kazi yote. Nikalala chali chini ya bawa na tochi. Mdomo wa bomba ulikuwa wazi, ndiyo maana rubani alipoukagua kila asubuhi, na aliukagua kweli, hakuona kitu. Nikavalisha kipande cha mpira na kupuliza kwa mdomo, mfuniko wa juu ukiwa wazi. Kwa mdomo, nasema, si kwa kompresa. Tangi la bati jepesi ukilipiga upepo wa kompresa unalipasua au unatoa mishono yake. Nikapuliza hadi masikio yakaziba. Hewa ilipita, ila kama unapuliza kupitia tundu la sindano.

Waya laini ulikwama kwenye urefu wa kidole kimoja. Nikauzungusha taratibu, nikiwa nimekinga kwa karatasi. Kwanza ukadondoka udongo, mwekundu, mkavu, uliosagika kama tumbaku ya ugoro. Kisha kipande kizima chenye umbo la bomba. Nikakivunja kwa ukucha, na ndani walikuwemo buibui watano au sita, wamepangwa kichwa kwa mkia, miguu imekunjwa. Nyigu wa udongo, wengine huwaita dondola, huchoma buibui sumu ya kuwapoozesha, huwapakia kwenye chumba cha udongo, hutaga yai, na kuziba, ili mtoto akianguliwa akute chakula. Ndege ilikaa Februari hadi Aprili. Kwenye bomba la kupimia mwendo rubani alivalisha soksi yake nyekundu kama inavyotakiwa. Bomba la hewa halikuwa na soksi. Na nikakumbuka, nikiwa bado chali, kwamba siku ya kwanza shambani niliona alama ya udongo karibu na nguzo ile na kuifuta kwa kitambaa, kwa kuwa napenda ndege safi.

Likabaki swali la kushuka. Kwa nini injini ilikuwa nzima ikipanda, na mgonjwa ikishuka? Hili ndilo lililonipendeza kuliko yote, na nililipigia hesabu nyuma ya karatasi ileile ya buibui.

Kinachosukuma mafuta kwenda kabureta ni kimo cha tangi juu yake, kama mita moja. Mita moja ya petroli, ambayo ni nyepesi kuliko maji, inasukuma kwa hektopaskali 70 hivi, kipimo kilekile cha msukumo wa hewa. Ni kidogo sana. Sasa, hewa ya nje inabadilika unapobadilisha kimo: kwenye vimo vyetu hivi, kila futi 1,000 unazoshuka inaongezeka karibu hektopaskali 29. Kabureta inapata hewa ya nje moja kwa moja, kwa hiyo inaongezeka nayo. Tangi lenye tundu la sindano haliwezi kuifuata kwa haraka. Linabaki na hewa nyepesi ya futi 9,500 huku kabureta iko kwenye hewa nzito ya futi 6,000. Kutoka 9,500 hadi Nduli ni futi 4,800, yaani hektopaskali kama 140, maradufu ya ile nguvu yote ya mita moja. Tundu la sindano linapunguza tofauti hiyo kiasi, na ndiyo maana rubani aliposhuka kwa ngazi ndege ilipata muda wa kuvuta pumzi. Kilichoiponya angani kila mara ni kuinua pua. Hewa ya moto haikuhusika.

Kupanda ni kinyume chake. Hewa ya nje inapungua, tangi linabaki na hewa nzito ya chini, na hewa hiyo inasukuma mafuta kama kidole kwenye chupa ya tomato. Ugonjwa uleule, wakati wa kupanda, unaisaidia injini. Na safari ya kurudi? Anarudi kwa futi 8,500, anashuka hadi 6,200, futi 2,300 tu, hektopaskali 66 au 67. Chini kidogo ya 70. Ndege ilikuwa ikifika shambani kwa upungufu wa hewa ambao ungeongezeka kidogo tu ingekohoa na huko. Mzee alipoisikia hesabu hiyo hakucheka tena.

Sikuamini hesabu peke yake, baada ya yote niliyoyaamini. Kabla ya kusafisha bomba lote nilifanya kipimo cha mtiririko upya palepale Nduli, ila sasa mifuniko ikiwa imefungwa, kipande kingine cha udongo kikiwa bado kimebaki ndani, na bila kukata tamaa kwenye lita ya tatu. Lita ya kwanza, sekunde 38, kama shambani. Ya tano, 55. Ya nane ilipita dakika moja. Ya kumi haikujaa. Mafuta yalitoka kwa matone, yakasimama, yakatoa tone, yakasimama. Nikamwomba rubani alegeze mfuniko. Fyuu, na bomba likafunguka kama bomba la mvua.

Tukatoa udongo wote, tukapitisha waya hadi tangini, tukasafisha na kupuliza hadi ikawa kama kupuliza hewani. Mfuniko wenye kivalvu ukafika baada ya siku tisa, safari hii nikiwa nimeandika namba yake kamili kutoka kwenye kitabu cha vipuri, na kabla ya kuufunga niliujaribu kwa kuunyonya kwa mdomo: hewa ikaja. Kipimo kikarudiwa, mifuniko imefungwa, lita ishirini mfululizo. Ya ishirini ilikuwa sekunde 39. Avigesi hiyo yote ilichujwa na kurudishwa tangini, msidhani niliimwaga.

Kitabuni nimeandika yote mawili, mfuniko na nyigu, na jina la aliyeagiza mfuniko, ambaye ni mimi. Gharama ya sindano ya kabureta sikumdai Mzee. Rubani ameshona kifuniko cha bomba la hewa kwa kitambaa chekundu chenye utepe mrefu, mrefu kiasi kwamba unampiga usoni kabla hajaingia ndani.

Wamekwenda Iringa mara sita tangu hapo. Juzi Mzee alinipigia tena, sauti imejaa wasiwasi: geji ya tangi la kushoto inatangulia kushuka kuliko ya kulia, ingawa selekta iko kwenye yote mawili. Nikamwambia hiyo ni tabia ya ndege za aina hii, kwa sababu upepo wa bomba la hewa unaingia kwanza kushoto, na akitaka kusawazisha atumie la kulia kwa muda. Kisha nikakumbuka Januari, nikamuuliza mfuniko unafunguka vipi.

"Laini," akasema. "Laini kabisa."